"Lisemwalo lipo", na mengine tunayoyaamini shambulio la kigaidi linapotokea

Shambulio la kigaidi likitokea, simu hugeuka redio, televisheni na kijiwe kwa wakati mmoja. Dakika kumi hazijapita, mtu ana video, ana idadi ya waliokufa, ana jina la mshambuliaji na sababu iliyomsukuma. Uhakika ndio hana, wala mwenzake wa pili, wala mara nyingi polisi waliosimama pale pale. Dhana potofu nyingi kuhusu habari za aina hii zina mzizi mmoja: tunaidai saa ya kwanza majibu ambayo huja baada ya siku tatu, miezi sita au miaka mitano. Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi.

"Huyu alikuwepo, kaona kwa macho yake"

Aliyekuwepo aliona alichokiona, na mara nyingi hicho ni kipande kidogo. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu matatu yalilipuka ndani ya treni za chini ya ardhi mjini London. Kwanza ilitangazwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Kisha zikaja habari za milipuko sita au hata saba. Nani alidanganya? Hakuna. Treni zilikuwa katikati ya vituo, abiria waliojeruhiwa wakatokea vituo vya pande zote mbili, na kila kituo kikaonekana kina mlipuko wake. Iliaminika pia kwamba mabomu yale yalipishana kwa karibu nusu saa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa yote matatu yalilipuka ndani ya sekunde kama 50. Watu 52 waliuawa siku ile, wakiwemo waliokuwa kwenye basi lililolipuliwa karibu saa moja baadaye.

Westgate, Nairobi, Septemba 2013, mambo yalikuwa hayo hayo. Washambuliaji walitajwa kuwa 10 hadi 15. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha walikuwa wanne. Mtu aliyejificha chini ya meza akisikia risasi kutoka ghorofa mbili tofauti hana namna ya kujua kama ni watu wanne wanaozunguka au kumi na wanne.

Ushahidi wa aina hii una thamani kubwa, ila usomwe kwa swali moja: huyu alikuwa wapi, na kutoka pale angeweza kuona nini?

"Video haidanganyi"

Video yenyewe huenda ni ya kweli kabisa. Maelezo yaliyoandikwa chini yake ndiyo ya uongo. Baada ya mashambulio ya Brussels ya tarehe 22 Machi 2016, zilisambaa video za kamera za usalama zikisemekana kuonyesha mlipuko wa uwanja wa ndege na ule wa Maelbeek, kituo cha treni za chini ya ardhi. Ya kwanza ilikuwa ya uwanja wa Domodedovo, Moscow, Januari 2011. Ya pili ilikuwa ya kituo cha treni za chini ya ardhi mjini Minsk, Belarus, Aprili 2011. Hata vyombo vya habari vyenye wahariri waliosomea kazi hiyo vilizirusha.

Siku hizi kila mtu anaogopa picha zinazotengenezwa na akili bandia, na ana haki ya kuogopa. Lakini picha ya zamani iliyopewa tarehe mpya haigharimu chochote, ndiyo maana bado inatamba. Dawa yake si ngumu. Simamisha video, chukua picha mbili tatu za skrini katika sehemu tofauti, kisha zitafute kwa Google Lens au TinEye, zana zinazokuonyesha picha imewahi kuonekana wapi mtandaoni. Ukiikuta mtandaoni kabla ya siku ya tukio, kazi imekwisha. Usipoikuta, bado hujathibitisha kitu. Tazama maandishi ya mabango, namba za magari, upande wa barabara yanakopita magari, hali ya hewa, na urefu wa vivuli ukilinganisha na saa inayodaiwa.

Kuna na aina ya tatu, ngumu kuliko zote: picha halisi, siku halisi, mahali halisi, ila hadithi imepachikwa. Shambulio la daraja la Westminster, London, la Machi 2017 liliacha picha ya mwanamke aliyevaa hijabu akipita karibu na majeruhi, mkononi ana simu. Akaunti moja ikaandika kwamba hakujali. Aliyepiga picha alieleza kuwa mwanamke yule alionekana mwenye mshtuko, na mwenyewe akasema alikuwa akiwajulisha ndugu zake kuwa yuko salama. Miezi baadaye akaunti ile ilikutwa kwenye orodha ya akaunti bandia zilizoendeshwa kutoka Urusi. Hapo kutafuta kwa picha kusingekusaidia hata kidogo.

Na video iliyorekodiwa na muuaji mwenyewe? Baada ya mauaji ya misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, ambamo watu 51 waliuawa, Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile ndani ya saa 24. Wapo wanaoitafuta kwa kisingizio cha "kujua ukweli". Sijawahi kuona swali lolote la maana ambalo video ile inalijibu na ripoti hazilijibu.

"Idadi ya vifo ikibadilika, ujue kuna kinachofichwa"

Hii ndiyo dhana inayozaa nadharia nyingi za njama, na ndiyo yenye maelezo ya kawaida kuliko zote.

Mwishoni mwa Septemba 2001, baada ya mashambulio ya ndege zilizotekwa Marekani, idadi ya waliodhaniwa kufa au kupotea New York ilipita 6,000. Hesabu iliyokubaliwa baadaye ni 2,753 kwa New York, na 2,977 kwa maeneo yote bila kuwahesabu watekaji. Waliobaki walikwenda wapi? Wengi hawakuwahi kupotea. Mtu mmoja aliripotiwa na mkewe, na mwajiri wake, na rafiki aliyeandika jina kwa herufi tofauti. Huyo tayari ni watu watatu. Mwingine alipatikana salama na hakuna aliyerudi kufuta jina lake.

Sri Lanka, baada ya mabomu ya Pasaka ya Aprili 2019, serikali ilifika 359 kisha ikashuka hadi takriban 253. Miili mingi ilikuwa imeharibika vibaya, na baadhi ilihesabiwa zaidi ya mara moja. Norway nayo ilitangaza zaidi ya 80 kwa kisiwa cha Utøya mwaka 2011. Waliouawa kisiwani ni 69, na wanane katika mlipuko wa Oslo.

Hesabu hupanda pia. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, habari za mchana zilitaja wachache. Mwisho walikuwa 148. Mogadishu, Oktoba 2017, siku ya kwanza ilizungumzwa makumi, na kamati iliyochunguza ikafika watu 587 miezi kadhaa baadaye. Majeruhi hufia hospitali, na walio chini ya vifusi hupatikana polepole.

Kwa hiyo ukikutana na namba, itazame kama unavyotazama bei sokoni: ya saa ngapi, ya nani, na imejumuisha nini. Mumbai 2008 baadhi ya maandishi husema 166 na mengine 175. Tofauti ni washambuliaji tisa waliouawa, basi.

"Tukiungana wengi mtandaoni, tutampata mhalifu"

Boston, Aprili 2013. Mabomu mawili yalilipuka karibu na mwisho wa mbio za marathoni, watu watatu wakafa. Maelfu wakaketi kuchambua picha za umati, begi kwa begi. Wakampata mtu: mwanafunzi aliyekuwa ametoweka wiki kadhaa kabla. Jina lake likazunguka dunia, familia yake ikashambuliwa kwa matusi. Baadaye mwili wake ulipatikana mtoni. Hakuhusika na lolote. Gazeti moja nalo liliweka kwenye ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili ambao hawakuwa na hatia.

Na si raia tu. Polisi wa Sri Lanka walitoa picha ya mwanamke Mmarekani wakimwita mshukiwa, kisha wakaomba radhi. Kanuni yangu mimi: jina silichukui mpaka nisome kwamba mtu amefikishwa mahakamani au polisi wamemtaja rasmi, na hata hapo naliita la mshukiwa.

"Kundi limekiri, kesi imekwisha"

Makundi haya hudandia. Kundi linalojiita Dola ya Kiislamu lilidai mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, hawakupata uhusiano wowote. Lilidai pia shambulio la kasino mjini Manila la Juni mwaka huo, na polisi wa Ufilipino wakasema mhusika alikuwa mcheza kamari aliyezama kwenye madeni. Kichekesho cha yote ni cha Agosti 2003, umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na Kanada: kundi moja lilijitokeza kudai sifa. Waliosababisha walikuwa miti iliyogusa nyaya huko Ohio na programu ya kompyuta iliyoshindwa kutoa tahadhari.

"Mimi nasoma taarifa rasmi tu"

Ni mwanzo mzuri, lakini chanzo rasmi nacho kina maslahi. Mabomu ya treni za Madrid yaliua zaidi ya watu 190 tarehe 11 Machi 2004, siku tatu kabla ya uchaguzi. Serikali iling'ang'ania kuwa ni ETA, kundi la Wabaski waliotaka kujitenga na Hispania, huku ushahidi ukielekea kwa watu waliovutiwa na al-Qaeda, na wapiga kura hawakuisahau. Oslo 2011, wachambuzi wengi walianza kuwanyooshea kidole Waislamu. Aliyekamatwa alikuwa Mnorwe wa mrengo mkali wa kulia.

Akaunti rasmi pia huibwa. Tarehe 23 Aprili 2013 wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya shirika la habari la AP na kuandika kwamba Ikulu ya Marekani imelipuliwa na Obama amejeruhiwa. Soko la hisa likaporomoka na kurudi ndani ya dakika chache. Alama ya bluu nayo isikutie moyo: kwenye mtandao wa X inanunuliwa.

Angalia vyanzo viwili visivyotegemeana. Tovuti tano zinazonukuu shirika lile lile la habari ni chanzo kimoja kilichovaa mashati matano.

"Nisambaze tu, huenda ikamsaidia mtu"

Boston ilizaa akaunti bandia iliyoahidi kuchangia dola moja kwa kila aliyeisambaza. Manchester, Mei 2017, baada ya bomu kulipuka kwenye tamasha la muziki, zilizagaa picha za "waliopotea" ambao hawakuwahi kufika kwenye tamasha lile, pamoja na tetesi kwamba makumi ya watoto wamehifadhiwa katika hoteli moja, jambo ambalo halikuwa kweli. Anayemtafuta ndugu anahitaji namba ya dharura iliyotolewa na polisi, na kila picha ya uongo inamchelewesha.

"Habari imepoa, hakuna jipya tena"

Kinyume chake. Hapa ndipo habari bora zinapoanza, na ndipo wasomaji wanapoondoka. Ripoti ya tume ya Septemba 11 ilitoka Julai 2004, ya Norway Agosti 2012, ya Tume ya Kifalme ya New Zealand mwaka 2020. Kesi ya mashambulio ya Paris ya 2015 ilisikilizwa kuanzia Septemba 2021 hadi Juni 2022. Nyingi ya nyaraka hizo husomwa bure mtandaoni. Ukitafuta, ongeza maneno "tume", "ripoti" au "hukumu", na weka tarehe ianzie mwaka mmoja baada ya tukio. Utashangaa jinsi takataka zinavyopungua. Kwa anayelinganisha matukio kuna hazina ya data ya Chuo Kikuu cha Maryland inayoanzia 1970, mradi asome kwanza wao wanaita nini ugaidi, maana tafsiri hazifanani.

Uchunguzi wa Manchester ulitoa juzuu yake ya mwisho Machi 2023, karibu miaka sita baada ya watu 22 kuuawa. Juzuu ya pili ilieleza kwa kina jinsi kikosi cha zimamoto kilivyochukua zaidi ya saa mbili kufika ukumbini. Usiku ule wa tukio, katika mamilioni ya jumbe zilizoandikwa, jambo hilo halikuwa gumzo la mtu yeyote.