Transfoma za Kale katika Amplifaya za Valvu: Yanayosemwa na Yanayopimwa

Transfoma iliyong'olewa kutoka redio au amplifaya ya valvu (taa za kioo zinazokuza mawimbi ya sauti) ya miaka ya 1940 hadi 1960 humfikia fundi wa nyumbani ikiwa haina tena wa kuieleza: lebo imekwanguka, kitambaa kilichofunika nyaya kimekuwa rangi ya majani makavu, na aliyeiuza anajua uzito wake tu. Hapo ndipo kauli za mafundi hushika nafasi ya vipimo. Nyingi zina chembe ya ukweli ndani yake, lakini karibu zote zina kosa moja, nalo ni kuipa transfoma sifa ya kudumu ilhali sifa hiyo inategemea kilichounganishwa kandokando yake.

Kauli ya kwanza ni kwamba rangi za nyaya zinatosha kuitambua. Ni kweli kwamba viwanda vya Marekani vilikuwa na utaratibu wao: nyeusi kwa umeme unaoingia, nyekundu mbili kwa volti kubwa pamoja na nyekundu yenye mstari wa manjano kwa waya wa katikati, manjano kwa filamenti (waya unaopashwa moto ndani ya valvu) ya rektifaya, yaani valvu inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, kijani kwa filamenti za valvu nyingine. Kwenye transfoma ya kutolea sauti, ile iliyo kati ya valvu na spika, buluu huenda kwenye anodi (ncha ya valvu inayopewa volti kubwa) na nyekundu kwenye volti kubwa. Hata hivyo, utaratibu huo haukufuatwa kila mahali. Vifaa vingi vya Uingereza na vya bara la Ulaya vilikuwa na rangi zao, au vilikuwa na vikonyo vya kuchomelea risasi bila rangi yoyote. Zaidi ya hayo, manjano iliyokaa miaka 60 karibu na valvu ya moto haitofautiki na kahawia, na kahawia katika utaratibu huohuo wa Marekani ilikuwa na kazi nyingine. Namba zilizogongwa kwenye chuma husaidia zaidi. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja kiwanda, 606 kwa mfano ikiwa Schumacher, na zinazofuata hutaja mwaka na juma. Lakini mwaka mara nyingi ulipewa tarakimu moja tu, kwa hiyo 5 inaweza kuwa 1955 au 1965, na hakuna tarakimu hata moja kati ya hizo inayotaja volti.

Hapo fundi huchukua mita ya omu, na kauli ya pili huzaliwa: kwamba koili inayosoma karibu sifuri imeungua, na kwamba nusu mbili za koili ya volti kubwa zisiposoma sawa basi moja ni mbovu. Koili ya filamenti imesukwa kwa waya mnene wenye mizunguko michache, hivyo kusoma chini ya omu 1 ndiyo hali yake ya kawaida. Nusu ya nje ya koili kubwa nayo huizunguka nusu ya ndani, kwa hiyo waya wake ni mrefu zaidi na omu zake ni nyingi zaidi, ijapokuwa idadi ya mizunguko, na hivyo volti, ni ileile. Mita ya omu inafaa kwa jambo moja, nalo ni kujua waya upi umeungana na upi.

Baada ya kuzipanga nyaya kwa makundi, kipimo chenye maana ni volti 12 za mkondo geu kutoka transfoma ndogo inayojulikana, zikiingizwa kwenye koili inayodhaniwa kuwa ya volti 240. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini, kwa hiyo kila usomaji unazidishwa kwa 20: volti 15 kila upande wa waya wa katikati ni 300-0-300, na volti 0.34 ni filamenti ya volti 6.3. Msomaji atauliza kwa nini si 0.315. Ni kwa sababu hakuna mzigo. Transfoma isiyobeba kitu husoma juu kidogo, na wengi wameitupa nzima wakidhani imezidi volti. La muhimu zaidi ni kutoingiza volti hizo 12 upande wa filamenti, kwani huko zitapanda badala ya kushuka na kutoa volti zinazoua kwenye nyaya ambazo fundi amezishika.

Ukaguzi wa mara ya kwanza kwenye umeme wa ukutani hufanywa kupitia balbu ya wati 40 au 60 iliyounganishwa kwa mfululizo, nyaya za upande wa pili zote zikiwa wazi. Balbu ikififia, transfoma iko salama kwa hatua hiyo. Ikiwaka kwa nguvu, kuna mizunguko iliyogusana ndani. Lazima iwe balbu ya waya unaong'aa. Balbu ya LED haifanyi kazi hii, na anayeitumia ataamini jibu lisilo na maana.

Kuhusu volti kubwa, kosa la kawaida ni kusoma 300-0-300 na kutarajia volti 300 za mkondo mnyoofu. Kapasita inayofuata baada ya rektifaya hujaa hadi kilele cha wimbi, ambacho ni mara 1.41, yaani kama volti 424 kabla ya kupungua kwa sababu ya mzigo. Valvu 5Y3, ambayo ni rektifaya, hujipotezea makumi kadhaa ya volti, na mzunguko wa umeme wa zamani ulipangwa ukitarajia upotevu huo. Ukiweka dayodi za silikoni mahali pake, volti hizo zinabaki, tena zinafika mara moja kabla filamenti hazijapata moto. Valvu ya kutolea sauti 6V6GT ya awali ilipewa kikomo cha volti 315 kwenye anodi. Kapasita ya volti 450 nayo, umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 10, inakabiliwa na 466. Wapo pia wanaounganisha dayodi nne kwenye ncha mbili za nje na kuufunga waya wa katikati, wakijipongeza kwa kupata volti maradufu. Wamesahau kwamba mkondo unaoruhusiwa umeshuka hadi takriban nusu.

Kwetu Afrika Mashariki dhana yenye madhara kuliko zote ni ile ya kusema kwamba transfoma ya Marekani ya volti 117 haihitaji zaidi ya kishushi cha 240 hadi 110. Kishushi hubadili volti, hakibadili herzi. Usumaku ndani ya kiini cha chuma hupanda volti zinapopanda na herzi zinaposhuka, kwa hiyo transfoma iliyopimwa kwa herzi 60 pekee, ikilishwa volti 117 za herzi 50, hubeba usumaku uliozidi kwa asilimia 20. Kwa volti 110 ziada hiyo inabaki kama asilimia 13. Ili kuiondoa kabisa ingebidi kuilisha volti 97.5, na hapo filamenti za 6.3 zingepata 5.25 tu. Zilizoandikwa 50/60 hazina shida hii, na za Uingereza zenye ncha za volti 200 hadi 250 ndizo zinazotufaa, ilimradi ncha ichaguliwe vizuri: ncha ya 220 ikipewa 240, filamenti zinapokea karibu 6.9.

Je, inapata moto kupita kiasi? Kugusa kwa mkono ni kipimo cha uvivu. Omu za koili ya umeme unaoingia zipimwe ikiwa baridi, kisha baada ya saa mbili za kazi, umeme ukiwa umezimwa na plagi imetolewa. Shaba huongeza takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Koili iliyotoka omu 20 hadi 24 imepanda digrii 51 kwa wastani, na ndani kabisa ni zaidi. Karatasi na nta za miaka hiyo hazikutengenezwa kuvumilia joto la transfoma za leo.

Sasa transfoma ya kutolea sauti, ambako kauli ni nyingi kuliko vipimo. Fundi husema "hii ni ya omu 5,000" kana kwamba omu hizo zimefungiwa ndani ya chuma. Kilichomo ndani ni uwiano wa mizunguko. Ukiingiza volti 12 upande wa anodi na kusoma 0.48 upande wa spika, uwiano ni 25, na 25 ikizidishwa kwa yenyewe ni 625. Spika ya omu 8 itaonekana na valvu kama omu 5,000. Spika ya omu 4 kwenye nyaya zilezile itaonekana kama 2,500. Kuondoa spika kabisa ni jambo jingine, kwa maana volti za anodi zinaweza kupanda hadi kutoboa karatasi za ndani.

Uwiano pekee hautoshi. 6V6 ikifanya kazi peke yake kwa volti 250 hupitisha kama miliampea 45 za mkondo mnyoofu ndani ya koili bila kukoma. Transfoma iliyokusudiwa hali hiyo ina mwanya: vipande vya umbo la E vyote viko upande mmoja, vya umbo la I upande wa pili, na karatasi katikati. Transfoma ya valvu mbili zinazopokezana ina vipande vilivyosukwa kwa kupishana bila mwanya, kwa sababu mikondo ya valvu hizo hubatilishana. Ukiitumia kwa valvu moja, kiini hushiba usumaku na besi hupotea, hata kama uwiano ni sahihi kabisa.

Na hii ndiyo sababu siikubali imani kwamba chuma cha kale kina sauti ambayo cha leo hakina. Bati la chuma chenye silikoni, lenye chembe zilizoelekezwa upande mmoja, lilipewa hataza na Norman Goss mwaka 1934, na linapatikana hadi leo. Transfoma ya redio ya mezani ilitengenezwa kwa bei ndogo, kwa spika ndogo, na ukosefu wa besi haukuwa kasoro kwa mtengenezaji wake. Anayeiweka ndani ya mzunguko wa amplifaya wa D. T. N. Williamson wa mwaka 1947, ambao uliifunga transfoma ndani ya mrejesho (sehemu ya sauti inayotoka ikirudishwa mwanzoni) wa desibeli 20 na kuhitaji transfoma kubwa iliyosukwa kwa tabaka nyingi, hatapata sauti ya 1947. Atapata mlio usiokoma, ambao huenda masikio yasiusikie kwa sababu uko juu ya herzi 20,000, wakati valvu na koili ya spika zinaendelea kupata moto.