Mae Jemison ukutani kwangu, na yale watu wanayoniambia kuhusu wanaanga

Chumbani kwangu hapa Malindi kuna picha ya mwanamke mweusi amevaa suti ya rangi ya chungwa, anatabasamu. Nimeitundika tangu niko kidato cha pili na sasahivi mimi ni mwalimu wa sayansi haijatoka. Kila mgeni huniuliza huyu ni nani, ni mwimbaji? Nikisema ni Mae Jemison, daktari, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, Septemba 1992, hapo ndio naanza kuambiwa mambo, na mengi si kweli. Leo nataka niyaandike yote mahali pamoja maana nimechoka kubishana nusunusu kwenye matatu.

Lile ninalolisikia zaidi, tangu madrasa, ni la Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Ati alipofika mwezini 1969 alisikia adhana, akarudi akasilimu. Nilipokuwa mdogo nililipenda sana hili na najua ninayemwambia si kweli anaweza kuumia, lakini si kweli jamani. Armstrong mwenyewe alikanusha, na 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikatuma ujumbe kwa balozi zake nchi za Kiislamu kueleza kwamba hakusilimu, na kwamba hataki kumkosea mtu wala kudharau dini yoyote. Alafu mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti, wale waliongea kwa redio tu. Uislamu hauhitaji tuutungie kisa, na hasa ukizingatia Waislamu wa kweli wameenda angani na hatuwataji: Sultan bin Salman wa Saudia alipanda Discovery, chombo cha Marekani, 1985, Anousheh Ansari mzaliwa wa Iran akaenda 2006, na Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia akaenda Oktoba 2007 mwezi wa Ramadhani wenyewe, mpaka wanazuoni wa kwao wakamwandikia mwongozo wa kuswali, kibla aelekee kadiri anavyoweza. Sasa hapo si kuna hadithi tamu kuliko ile ya uongo?

La pili, "huko juu hakuna mvutano ndio maana wanaelea." Hili hata walimu wenzangu wanalisomesha hivo. Mvutano, yaani dunia kuvuta vitu kwake, uko, tena mwingi, kilomita 400 juu ambapo kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka bado ni kama asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanafunzi wangu nawaambia hivi: nyinyi si mnaruka kutoka jetini kuingia baharini, sasa ruka siku moja umeshika dafu kiganjani. Vile mko hewani dafu halikulemei hata kidogo, na si kwamba limekuwa jepesi, ni kwamba wewe na dafu mnaanguka pamoja. Mwanaanga na chombo chake nao wanaanguka pamoja, ila wanakwenda mbio sana, kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hivyo kila wakianguka dunia nayo inapinda chini yao, hawaifikii. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90 na jua linawachomozea kama mara 16 kwa siku. Mae alizunguka mara 127. Na kama mvutano haungekuwako, chombo kingeenda moja kwa moja kisirudi.

Watu wa kwetu Ngomeni wana lao. Nimezaliwa huko, babangu alikuwa mvuvi, na vile vyuma vya San Marco, kituo cha Wataliano cha kurushia roketi, vilivyosimama baharini tumekua tukiviona kila siku kama mtu anavyoona msikiti wa mtaa wake. Utaambiwa na mtu mzima kabisa kwamba Wataliano walirusha watu kutoka pale. Hapana, hakuna mtu aliyepanda pale, zilikuwa roketi ndogo aina ya Scout za kubeba setilaiti, kuanzia 1967 mpaka 1988. Na wengine wanadharau, wanasema basi palikuwa hapana maana. Maana ipo kubwa! Pale ni kama digrii 3 tu kutoka ikweta, dunia inavyojizungusha kuelekea mashariki inaisukuma roketi bure, na mashariki kwenyewe ni bahari tupu, kikianguka kitu hakimwangukii mtu. Tarehe 12 Disemba 1970, Jamhuri Dei, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kutafuta eksirei za angani peke yake, yaani miali isiyoonekana kwa macho, wakaipa jina Uhuru, kwa Kiswahili, kwa heshima ya Kenya. Ikaorodhesha zaidi ya vyanzo 300 vya eksirei, na ilisaidia wanasayansi kuanza kuamini kwamba mashimo meusi, yanayovuta mpaka hata mwanga hautoki, yapo kweli. Hiyo ilitoka kwetu, pale wavuvi wanapotupa nyavu. Kila nikisomesha hili najisikia kulia.

Kuna wanaosema anga ni ya wanajeshi na marubani. Mwanzo ilikuwa hivo, sawa, lakini Mae hakuwa mwanajeshi. Aliingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 16, akasomea uhandisi wa kemikali, alafu udaktari Cornell, kisha akatibu watu Sierra Leone na Liberia. Na hapa ndipo anaponigusa mimi: akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alikuja Kenya kwa shughuli za afya, na Kiswahili anakizungumza. Yaani shujaa wangu naweza kumwamkia shikamoo akanielewa. Watu hudhani mwanaanga ni kiumbe cha mbali, kumbe hata neno lenyewe ni ndugu ya mwanamaji, na wanamaji hapa kwetu tunao tangu enzi za manahodha waliosoma nyota kwenda Arabuni.

"Wanachaguliwa wenye bahati." Haya, chombo cha Challenger kilipolipuka Januari 1986 wakafa watu saba, NASA, shirika la anga la Marekani, ikasimamisha kuchagua wapya, na Mae alikuwa ameshaomba. Mtu mwingine angeogopa akaacha. Yeye aliomba tena, na 1987 wakachukuliwa 15 kati ya waombaji kama 2,000, yeye akiwemo. Alipokuwa chekechea alisema anataka kuwa mwanasayansi, mwalimu wake akamuuliza si unamaanisha nesi? Wasichana wangu wa kidato cha kwanza wanaulizwa swali hilohilo nyumbani mpaka leo, na unesi ni kazi ya heshima, ila mtoto amesema alichosema, asikilizwe.

Pia si kweli kwamba Mae ndiye mtu mweusi wa kwanza angani, ni mwanamke mweusi wa kwanza. Kabla yake kuna Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba 1980 na Guion Bluford wa Marekani 1983. Raia wa kwanza wa nchi ya bara hili ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, 2002, yeye alijilipia.

Jambo la mwisho linalowashangaza watu ni kwamba Mae alienda mara moja tu, siku hazikutimia nane, na 1993 akaondoka NASA akafanye mengine. Wanauliza, sasa siku nane alifanya nini, kuangalia dirishani? Alifanya kazi. Alichunguza kwa nini watu wanapata kichefuchefu huko juu, na mifupa inavyodhoofika, na walirutubisha mayai ya chura waone kama kiluwiluwi atakua sawasawa pasipo kuhisi uzito. Wiki jana niliwaeleza darasa hili, msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono: mwalimu, sasa wale viluwiluwi waliporudi ikawaje?

Wakawa vyura, mwanangu. Wazima kabisa.