Karudi kutoka leba mikono mitupu: tumwambie nini?

Jirani yetu hapa Igoma, Mwanza, kajifungua mtoto ameshafariki. Tukienda kumwona tuseme nini?

"Pole sana mama." Inatosha, kisha kaa. Yale ya "bado mdogo, utapata mwingine" yaache nje pamoja na ndala. Huyo mwingine si huyu. Kama mtoto alishapewa jina, litaje. Wengi tunaogopa kumkumbusha, utadhani alikuwa amesahau! Wala usimwambie "ukihitaji kitu sema", maana hatasema. Chota maji, fua, peleka dagaa na unga.

Maziwa yanamtoka. Ni kawaida?

Ni kawaida, na humwumiza mama pengine kuliko mengine yote, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kondo la nyuma likishatoka, mwili huanza kazi yake ya kunyonyesha, awepo wa kunyonya asiwepo. Maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5, na yanaweza kutoka hata kwa mimba iliyoharibika ikiwa na wiki 16 hivi.

Bibi zetu hushauri kuyakaza matiti kwa kanga. Tusiwafuate kwa hili: kunaongeza maumivu, na titi linaweza kupata uvimbe. Avae sidiria inayomshika vizuri bila kumbana, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe panadol. Yakimzidi akamue kidogo tu apate nafuu, asiyamalize. Yatakauka yenyewe.

Titi likiwa jekundu na la moto huku ana homa, aende kituo cha afya. Damu ikilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au uchafu ukitoa harufu mbaya, ni dharura. Mlioko visiwani msingoje kivuko cha asubuhi. Anzeni na zahanati iliyo karibu usiku huohuo.

Wanasema ni kwa sababu alikuwa akibeba ndoo za maji.

Hapana. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema hutokana na hitilafu ya kromosomu (vibeba urithi ndani ya chembe za mwili), jambo ambalo mama hakulifanya wala asingeweza kulizuia. Mimba ikishakuwa kubwa, visababishi ni kama shinikizo la damu, kaswende, uchungu uliokaa mno, na malaria, ambayo huku ziwani tunaijua. Wakati mwingine sababu haipatikani kabisa.

Na baba?

Jana kabeba sanduku dogo kwenda makaburini, leo yuko mwaloni Kirumba anapakua dagaa. Kila mtu anamwuliza, "Mama anaendeleaje?" Muulize na yeye anaendeleaje.

Kuna siku ya kuwakumbuka watoto hawa?

Ipo, tarehe 15 Oktoba. Chimbuko lake ni Marekani, ambako mwaka 1988 Rais Ronald Reagan aliutangaza Oktoba kuwa mwezi wa msiba huu. Familia huwasha mshumaa saa 1 jioni na kuuacha uwake kwa saa nzima. Mshumaa si lazima. Mama mmoja ninayemfahamu ana kadi yake ya kliniki, ameikunja ndani ya kanga mpya ambayo haijawahi kubeba mtoto. Huitoa, huisoma tarehe za mahudhurio moja moja, kisha huirudisha sandukuni.