SA kwenye helmeti ya gari maana yake nini?

Anayetaka kuendesha gari lake kwenye uwanja wa mbio, kwa mazoezi tu na bila kugombea kombe, huambiwa aje na helmeti iliyothibitishwa. Neno hilo peke yake halitoshi. Kila helmeti yenye ithibati ilipimwa kwa kufikiria ajali ya namna fulani, kwa hiyo la kujua kabla hujatoa pesa ni ajali ipi hiyo.

Jibu liko ndani ya helmeti. Igeuze juu chini, kisha uinue taratibu kitambaa chenye sponji. Chini yake, kwenye povu gumu, utakuta stika ndogo. Ikiwa ni helmeti ya kiwango cha Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti, stika itaonyesha jina hilo, herufi kama SA, mwaka wa kiwango na namba ya helmeti yenyewe. Isipokuwepo, usiinunue kama helmeti ya Snell, hata sanduku liandikwe nini.

Snell lilikuwa jina la mtu. William "Pete" Snell alikuwa dereva wa mbio wa ridhaa, yaani mtu kama wewe na mimi, aliyefariki mwaka 1956 kwa jeraha la kichwa baada ya helmeti yake kushindwa kumkinga. Mwaka uliofuata rafiki zake na madaktari walianzisha taasisi ya kupima helmeti kwa kumbukumbu yake. Taasisi hiyo hupima sampuli za kila modeli kabla ya kuipa stika, na baadaye hununua nyingine sokoni na kuzivunja ili kuona kama ubora haujashuka.

Herufi SA ni za mbio za magari, M ni za pikipiki, K ni za go-kati. Wengi hudhani SA ni M iliyopandishwa bei. Sivyo. Dereva wa gari amefungwa mikanda ndani ya chombo chenye mafuta, na kichwa chake kimezungukwa na vyuma. Ndiyo maana SA hupimwa kwa moto na M haipimwi. Tena SA hugongeshwa mara kadhaa kwenye chuma kilichoumbwa kama bomba la fremu ya ulinzi, kwa sababu gari likibiringika kichwa kinaweza kugonga bomba lilelile zaidi ya mara moja. Kwa upande mwingine, SA inaruhusiwa kuwa na dirisha jembamba la kuonea, na hilo ni kasoro ukiivaa barabarani kwenye pikipiki.

Kuanzia SA2015 kuna jambo jingine, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote: helmeti lazima iwe na matundu ya skrubu ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, pande zote mbili. Hapo hufungwa kamba za kifaa cha kuzuia kichwa kisirushwe mbele, maarufu kwa jina la HANS. Mkanda wa mbio hukibana kiwiliwili kwenye kiti, lakini kichwa hakijafungwa popote. Gari linaposimama ghafla kichwa huendelea na safari, na shingo pamoja na kitako cha fuvu ndivyo hubeba mvuto wote. Dale Earnhardt, bingwa wa mbio za NASCAR za Marekani, alikufa kwa kuvunjika kitako cha fuvu kwenye uwanja wa Daytona mwaka 2001, akiwa hakuvaa kifaa hicho. Hata kama leo unatumia mkanda wa kawaida wa gari, nunua helmeti yenye matundu hayo, maana siku ukifunga mikanda ya mbio utayahitaji.

Alama ya DOT ni ya pikipiki nchini Marekani, na mtengenezaji ndiye anayejitangazia kwamba ametimiza masharti. ECE 22.06, kiwango kinachotumika Ulaya, ni kali zaidi, na helmeti hupimwa kabla ya kuuzwa, lakini nayo ni ya pikipiki. Kuna pia viwango vya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari: 8859 ni cha bei ya wastani na kinamfaa dereva wa ridhaa, 8860 ni cha ngazi za juu na bei yake inatisha. Baadhi ya waandaaji wa siku za mazoezi hupokea M, wengine hawataki kuiona. Soma kanuni za uwanja wako kwanza.

Sasa unafuu. Ganda la fiba ya kioo na ganda la kaboni, yote yakiwa na stika ya SA2020, yamefaulu mtihani uleule. Kwenye kaboni unalipia wepesi. Acha kaboni, acha michoro, acha jina la bingwa. Kiwango hubadilika kila baada ya miaka mitano hivi, na toleo jipya linapotoka, la zamani hushuka bei. Punguzo hilo ni zuri iwapo uwanja wako utaendelea kulipokea kwa misimu kadhaa. Helmeti iliyotumika usiiguse. Povu la ndani huokoa kichwa kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi, wakati ganda la nje linaweza kubaki linang'aa kama jipya.

Usibane matumizi kwenye kipimo cha kichwa. Zungusha tepu ya fundi cherehani kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Ukivaa, mashavu yasukumwe kidogo. Shika helmeti uizungushe: ngozi ya uso ifuate. Funga mkanda wa kidevu, kisha mwambie mtu aivute kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, ni kubwa. Kaa nayo robo saa. Ikiacha alama nyekundu inayouma katikati ya paji, umbo lake si la kichwa chako, na kuchukua namba kubwa zaidi hakutatibu hilo. Jaribu ya mtengenezaji mwingine.

Halafu ingia nayo garini, funga mkanda, kaa unavyokaa ukiendesha. Dereva mrefu mara nyingi hugundua hapo kwamba kichwa kinagusa dari. Shusha kiti kwanza, kabla ya siku ya uwanja.