Je, wajua? Mahindi hayali mbolea ya maharage yaliyo pembeni yake

Wengi huchanganya mahindi na maharage wakiamini maharage yatayalisha mahindi msimu uleule. Kinachovuja kutoka mzizi wa maharage yaliyo hai kwenda kwa jirani ni kidogo mno. Naitrojeni, kirutubisho ambacho maharage hupata kutoka hewani, hubaki ndani ya mmea, na maganda yakijaa, sehemu kubwa huhamia kwenye mbegu. Gunia la kilo 100 la soya huondoka shambani na takriban kilo 6 za naitrojeni, kwa hiyo magunia manne yamebeba karibu sawa na mfuko wa kilo 50 wa urea. Na maharage je? Tunayang'oa na mizizi yake, tunayapuria nyumbani, makapi wanakula ng'ombe. Mahindi ya msimu ujao yatafaidi nini, kama si majani na mizizi iliyoachwa ioze, au samadi iliyorudishwa?

Tena mmea wenyewe hautengenezi mbolea hiyo. Kazi ni ya bakteria wa udongoni waitwao rizobia, wanaoingia mizizini na kuishi ndani ya vinundu. Hewa ni naitrojeni kwa asilimia 78, ila atomi zake zimeshikana mbilimbili kwa nguvu kubwa. Viwanda vya mbolea huzivunja kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, chini ya mgandamizo mkubwa. Rizobia huzivunja ndani ya vinundu, kwa joto la kawaida la udongo.

Ajabu ni kwamba kimeng'enya (protini inayoendesha kazi hiyo) wanachotumia huharibiwa na oksijeni, ilhali bila oksijeni bakteria hawana nguvu ya kufanya kazi. Mchoma mkaa anaijua shida hii: akiziba tanuri kabisa moto unakufa, akiliacha wazi magogo yanakuwa majivu, hivyo hulifukia kwa udongo na kuacha matundu madogo. Ndani ya kinundu, anayepima hewa ni protini ya ukoo mmoja na himoglobini ya damu yetu. Huinasa oksijeni na kuwagawia bakteria kidogo kidogo. Pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Cha kijani kimeshachoka.

Kunde na karanga kwa kawaida huridhika na bakteria wenyeji. Soya ilitoka Asia ya Mashariki, na mara nyingi bakteria wake hawamo kwenye udongo wetu. Hapo ndipo mbolea hai, yaani unga wenye rizobia unaopakwa kwenye mbegu, inapolipa, kama BIOFIX iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa maharage matokeo hutofautiana sana, na hakuna pakiti itakayofidia udongo wenye njaa ya fosforasi.

Bakteria walio kwenye pakiti wako hai, na jua huwaua. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Usiongeze urea nyingi, kwani mmea ukishapata naitrojeni ya kutosha hupunguza vinundu.