Kontroliboksi ya kujitengenezea: boksi linalogeuza hewa kuwa milisekunde

Nozeli ya injini ya petroli (wengine huiita injekta) ni kijibomba chenye mlango wa sumaku. Mafuta yanasubiri mlangoni kwa shinikizo la karibu baa 3. Umeme ukipita, mlango unafunguka. Umeme ukikatika, unafungwa. Hakuna robo wala nusu. Unachoweza kubadilisha ni muda tu: mlango ukae wazi kwa milisekunde ngapi. Boksi linaloamua muda huo ndilo mafundi wetu wanaloliita kontroliboksi, na mtu mwenye subira anaweza kulitengeneza mezani kwake kwa kutumia maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja.

Wengi hudhani boksi hili linapima mafuta. Hapana, linapima hewa. Gramu moja ya petroli inataka gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote, kwa hiyo ukishajua hewa iliyoingia kwenye silinda, mafuta ni suala la kugawanya tu. Kabureta nayo hufanya hesabu hiyo, ila kwa tundu la jeti ambalo halibadiliki. Panda na pikipiki ya kabureta kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kwenye mita kama 1,700, uone: hewa imekuwa nyepesi, jeti haina habari, plagi zinaanza kushika masizi. Kontroliboksi ina sensa ya shinikizo, yaani kifaa kinachohisi msukumo wa hewa, hivyo mlima inausoma yenyewe.

Tufanye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo dhana nzima ilipolala. Chukua injini ya cc 1,600 yenye silinda nne. Kila silinda ina cc 400. Hewa ya nyuzi 25 kwenye kilopaskali 100 ina uzito wa gramu 1.17 kwa lita, kwa hiyo silinda ikijaa kabisa imebeba gramu 0.47. Gawanya kwa 14.7, unapata gramu 0.032 za petroli, ambazo ni cc 0.043 hivi. Nozeli inayotoa cc 240 kwa dakika hutoa cc 4 kwa sekunde. Jibu: milisekunde 10.7. Ongeza kama milisekunde moja, kwa sababu mlango nao huchukua muda kunyanyuka, na betri ikiwa dhaifu huchukua zaidi. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, silinda moja hupata zamu yake kila milisekunde 20, kwa hiyo nafasi ipo. Injini ikiwa kwenye sailensi, inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, shinikizo ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) hushuka hadi theluthi moja au chini ya hapo, na muda wa nozeli nao hushuka hadi milisekunde tatu hivi.

Ila silinda haijai kabisa. Valvu, umbo la manifoldi na kasi ya injini huamua imejaa kiasi gani, na hakuna kanuni fupi ya kulijua hilo. Ndiyo maana boksi la aina hii hubeba jedwali: upande mmoja kasi, upande mwingine shinikizo, na katikati asilimia ya kujaa. Jedwali la 16 kwa 16 lina vyumba 256, na kila kimoja kinatakiwa kuwa na namba ya kweli. Kazi hiyo hufanyika gari likiwa linatembea, huku sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ikisema kama mchanganyiko umezidi au umepungua mafuta. Sensa ya kawaida, ile inayotoa voti 0.1 hadi 0.9, husema "umezidi" au "umepungua" basi. Ile ya masafa mapana husema kwa kiasi gani, na kwa kujaza jedwali nisingehangaika na nyingine.

Haya si mambo mapya. Bosch walitoa D-Jetronic mwaka 1967, ikafungwa kwenye Volkswagen. Ile D ni ya "Druck", shinikizo kwa Kijerumani, na ndani hamkuwa na maikrokontrola hata moja, ni transista tu, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, boksi la kujiunganishia lenye chipu ya Motorola ya biti 8. Leo kuna Speeduino, programu huria inayotembea juu ya Arduino Mega 2560, bodi ndogo ya maikrokontrola yenye chipu ya megahezi 16.

Megahezi 16 zinatosha? Zinatosha, ukiandika programu kwa adabu. Chipu hujua krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) iko wapi kwa kusoma gurudumu la meno, mara nyingi lenye nafasi 36 na jino moja limeng'olewa makusudi. Pale penye pengo ndipo inapoanzia kuhesabu. Kwenye mizunguko 6,000, jino linapita kila baada ya maikrosekunde 278. Anayeanza hupenda kutumia amri ya "subiri", na chipu inayosubiri ni chipu iliyolala huku meno yakipita. Badala yake, kila jino huikatiza chipu kwa nafasi yake, na kufunga nozeli huachiwa saa ya ndani ya chipu yenyewe.

Programu, kusema kweli, ndiyo sehemu rahisi. Kinachowatoa watu jasho ni umeme wa gari. Nozeli ya omu 12 hadi 16 huvuta karibu ampia moja, wakati mguu wa chipu haufiki hata sehemu ya ishirini ya hapo, kwa hiyo katikati lazima ikae transista ya nguvu. Betri inayoitwa ya voti 12 hushuka hadi 9 ukipiga stata na kupanda hadi zaidi ya 14 injini ikichaji. Waya wa sensa ya krenki ukipita jirani na waya za plagi, boksi litaona meno yasiyokuwepo na injini itakata ghafla mahali ambapo jana haikukata.

Ndiyo maana kazi huanzia mezani. Taa ndogo nne mahali pa nozeli, Arduino ya pili ikijifanya krenki, na voliyumu mbili za redio mbovu zikijifanya sensa za joto na shinikizo. Zungusha voliyumu, uone taa zikirefusha mwako wake.

Na kuna kipingamizi (rezista) kimoja cha senti chache ambacho wengi hukisahau: cha kuivuta geti ya transista, yaani mguu wake wa kupokea amri, chini, kwenye hasi. Chipu ikiwa ndiyo kwanza inawashwa, kabla programu haijashika, miguu yake inaelea, haiko chanya wala hasi. Bila kipingamizi hicho nozeli inaweza kufunguka huku pampu inasukuma, na petroli ikajaa kwenye silinda iliyosimama. Kimiminika hakibanwi, ukipiga stata, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Siku ya kwanza kwenye gari, chomoa fyuzi ya pampu, ziache taa zako nne zimeunganishwa, piga stata, kisha hesabu miwako.