Maana ya utawala wa sheria

Utawala wa sheria ni hali ambayo mwenye madaraka naye anabanwa na sheria kama mwananchi wa kawaida, na mahakama ikimwambia acha, anaacha. Wengi tunadhani nchi ikishakuwa na sheria, mambo yamekwisha. Hapana. Idi Amin, mtawala wa kijeshi wa Uganda, alikuwa na sheria. Baada ya kupindua serikali Januari 1971, alitawala kwa amri zilizoandikwa na kutangazwa rasmi, na mojawapo iliwapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia. Ambacho hakuwa nacho ni mtu wa kumwambia hapana akasikiliza.

Aliyejaribu ni Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu. Mwaka 1972 aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na wanajeshi aachiwe, kwa kuwa alishikiliwa kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu mchana kweupe. Hakuonekana tena. Kwangu mimi hakuna mfano ulio wazi kuliko huo.

Amin aliondoka 1979, lakini tabia ilibaki. Wazee wa Kampala wanaikumbuka "panda gari" ya miaka ya themanini: mtaa unazingirwa, watu wanapakiwa kwenye malori ya jeshi, hakuna anayeambiwa kosa lake.

Ndiyo maana Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipokamatwa, si tangu alipoandikishwa kituoni. Ndugu wa aliyekamatwa waielewe tofauti hiyo, maana mtu anaweza kuzungushwa kwenye gari siku nzima kabla jina lake halijaingia kitabuni.

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba, kwa sababu mahakama hizo hazina uhuru unaotakiwa. Juni mwaka huohuo ikasainiwa sheria mpya iliyoruhusu tena raia kushtakiwa huko katika mazingira fulani. Kutunga sheria ni kazi ya Bunge, hilo silipingi. Ila raia bado anasimama mbele ya maafisa wanaopokea amri kutoka kwa wakubwa wao, na kasoro hiyo ndiyo majaji walikuwa wameikataa.